Nani Aliyemfundisha Mtoto Kujificha?

Wahenga walisema, ukimulika nyoka anzia miguuni pako. Nami kwa kuwa nakusudia kuwashutumu wale wanaosimama kati ya mwananchi na habari zake, ni haki nianze na mshitakiwa ninayemfahamu kuliko wote, yaani mimi mwenyewe. Katika miaka 14 niliyokuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikifungua barua za wanafunzi.

Sikuwa mtu mbaya, ndugu msomaji, wala sikujiona hivyo. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulifundishwa kwamba mwalimu wa bweni ni mzazi, na mzazi hana budi kujua kinachoingia na kinachotoka nyumbani kwake. Basi kila Jumamosi mfuko wa posta ulipoletwa ofisini, niliketi na wembe na chupa ya gundi, nikapitia barua moja baada ya nyingine. Za mapenzi nilizichana. Za kulalamikia chakula nilizirudisha kwa mwenyewe akaandike upya. Zile zilizomsema kiongozi kwa ubaya niliziweka katika droo ya chini, nikaifunga kwa ufunguo. Zilizosalia nilizibandika tena zikagawiwa mstarini. Nilidhani kwamba hayo ndiyo malezi.

Mwaka 1986 kijana mmoja wa kidato cha tatu aliandikiwa barua na dada yake. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa manung'uniko juu ya duka la kijiji na juu ya mwenyekiti aliyegawa sukari kwa ndugu zake. Sikufika ukurasa wa pili. Niliitia barua ile katika droo ya chini, nikachukua nyingine. Baada ya majuma matatu alikuja mjomba wa kijana, akauliza kwa nini mtoto hakuja kumzika mama yake. Nikafungua droo. Ukurasa wa pili ulisema mama amelazwa, hali si nzuri, anamtaja mwanawe kila siku, aombe ruhusa aje upesi.

Kijana hakunitukana. Aliichukua barua yake juu ya meza yangu, akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Ningependa angenitukana.

Juma lile lile mwalimu wetu wa jiografia, kijana mpole, alinijia faragha. Akaniambia kwamba wanafunzi wengine hupata habari za nyumbani kwa wakati kwa sababu hawautumii mfuko wangu. Nikamwambia anieleze bila kuogopa. Akanieleza. Wengine waliandikiwa kwa jina la fundi seremala wa shule. Wengine barua zao zilikuja chini ya kifuniko cha dumu la muuza maziwa. Huyu nilikuwa nimemshuku zamani, nikamtuma kiranja ajifanye ana barua ya siri ya kupeleka. Alipoipokea tu, nikampiga marufuku kukanyaga eneo la shule. Lakini njia ya tatu ndiyo iliyonishinda. Baadhi ya wazazi walikuwa makarani, nao walizitia barua za watoto katika bahasha za kaki zenye chapa ya serikali, zikaandikwa majina ya walimu waliowaonea watoto huruma. Bahasha hizo zilipita mbele ya macho yangu kila Jumamosi. Sikuzigusa, kwani katika bahasha za namna ile ile zilikuja habari za mishahara, za uhamisho na za mitihani. Ningezizuia hizo, shule ingesimama.

Nimesimulia kisa hiki kirefu kwa sababu mwaka 2025 mjukuu wangu wa kike, anayesoma mambo ya kompyuta, aliketi nami barazani akanieleza jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyovuka kuta zilizojengwa katika intaneti. Alichora nyuma ya kalenda ya zamani. Kadiri alivyochora ndivyo nilivyozidi kuiona ofisi yangu, wembe wangu na bahasha zile za kaki. Alipomaliza nilimwambia, "Mjukuu wangu, haya mimi niliyajua tangu mwaka 1986." Akacheka, akadhani babu anajisifu.

Kuna mtandao uitwao Tor. Mizizi yake ni maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, ambako wanasayansi walianza kazi hii katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2004 msimbo wake ulitolewa hadharani, na mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la faida la kuusimamia. Ujumbe wa mtu hufungwa bahasha ndani ya bahasha mara tatu, ukapitishwa katika vituo vitatu kati ya maelfu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea duniani. Kituo cha kwanza kinamjua aliyetuma lakini hakijui anakokwenda. Cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakimjui aliyetuma. Cha katikati hakijui hili wala lile. Ndiyo maana wakauita kwa jina la kitunguu, chenye ganda juu ya ganda.

Wakubwa wa China hawakupendezwa. Vituo vya Tor vimeandikwa katika orodha iliyo wazi kwa kila mtu, kwa hiyo Septemba 2009, siku chache kabla ya sherehe za miaka 60 ya dola yao, walizuia orodha nzima. Wenye Tor wakaweka vituo visivyotangazwa, vinavyoitwa madaraja, ambavyo mtu hupewa anwani chache tu kwa kuomba. Machi 2010 madaraja mengi nayo yakazuiwa. Kisha ukuta wa China ukajifunza hila ya kiranja wangu. Kila ulipoona muunganisho wa kutiliwa shaka, ulituma mgeni wake mwenyewe akapige hodi kule muunganisho unakokwenda. Mlango ukiitikia kwa lugha ya Tor, mara moja unafungwa. Muuza maziwa kapatikana.

Iran ilitumia njia nyingine. Septemba 2011 watazamaji wake waligundua kwamba hati za utambulisho zinazotumiwa na Tor zilidumu saa mbili tu, ilhali za tovuti za kawaida hudumu miezi au miaka. Wakakata kila muunganisho wenye hati ya namna hiyo. Watu wa Tor wakarekebisha siku ile ile. Februari 2012, Iran ilipokata kwa wingi mawasiliano ya siri ya kila aina, ikatolewa programu ya kuuvika ujumbe vazi ili usitambulikane kabisa. Mwaka 2014 likaja vazi bora zaidi, ambalo ujumbe wake huonekana kama herufi zilizomwagika ovyo, na mlango wake hauitikii hodi ya mtu asiyejua neno la siri. Mwaka huo huo ikatumika njia ambayo kwangu ndiyo bahasha ya kaki hasa. Kwa nje muunganisho ulionekana unakwenda kwa mfanyabiashara mkubwa kama Google au Amazon, kumbe ndani yake umebeba mambo mengine. Mzuiaji akitaka kuukata, sharti amkate na yule mfanyabiashara, pamoja na maduka na maofisi ya nchi yake mwenyewe yanayomtegemea.

Urusi ilithubutu. Aprili 2018, ikiwinda huduma ya Telegram, ilizuia mamilioni ya anwani za Amazon na Google, zikaumia huduma nyingi zisizohusika hata kidogo, na Telegram yenyewe ikaendelea kupatikana. Juni 2020 amri ile ikaondolewa. Desemba 2021 ikauzuia Tor wenyewe. Lakini kufikia wakati huo lilikwisha kuwepo vazi jipya liitwalo Snowflake, ambalo linaufanya ujumbe uonekane kama mazungumzo ya simu ya video. Mtu wa kawaida aliye Ujerumani au Kanada huacha kompyuta yake ikawa daraja la muda mfupi, kisha akaondoka, na daraja likahamia kwa mwingine. Baada ya kifo cha Mahsa Amini mikononi mwa polisi mjini Tehran, Septemba 2022, Wairani wengi mno walivukia hapo. Mwanzoni mwa Oktoba wazuiaji wakatambua namna linavyotoa salamu ya kwanza, wakalikata. Waundaji wakalibadilisha salamu. Machi 2024 likatolewa vazi jingine linalofanana na mtu anayefungua tovuti ya kawaida tu.

Msomaji mmoja atanikatiza hapa, nami namkaribisha, kwa kuwa nimefundisha miaka mingi na swali la nyuma ya darasa nalitambua kabla halijaulizwa. Atasema, "Mwalimu, mtu mwema hana sababu ya kujificha. Anayevaa kinyago ni mwizi."

Naam, wezi wamo. Biashara ya dawa za kulevya imefanyika humo, na uchafu mwingine ambao kalamu yangu inaona aibu kuuandika. Sitakuficha hilo, kwani hoja inayoficha nusu ya ukweli haina tofauti na droo yangu ya chini. Lakini hebu tujiulize. Mwizi ana njia ngapi? Ananunua laini za simu kwa majina ya watu, anahonga, anaiba kompyuta ya mwingine aitumie. Sheria haimzuii, ndiyo maana tunamwita mwizi. Mtu mwenye njia hii peke yake ni yule asiyependa kuvunja sheria nyingine yoyote: muuguzi anayetaka kueleza upungufu wa dawa, mwanamke anayemkimbia mume mpigaji na kutafuta msaada bila kuonekana, mwandishi anayelinda jina la aliyempa habari, mwanafunzi anayetaka tu kusoma kilichoandikwa juu ya nchi yake. Ukiufunga mlango huu, mwizi atapita dirishani. Hawa watabaki nje.

Mwingine atasema, "Hiki ni chombo cha Wamarekani." Ni kweli kilianzia jeshini kwao, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha zake zilitoka serikali ya Marekani. Ni kweli pia kwamba mwaka 2013 Edward Snowden alitufunulia jinsi serikali hiyo hiyo inavyosikiliza mazungumzo ya dunia nzima. Mimi sikuombi umwamini Mmarekani. Lakini sababu ya chombo kile kutolewa kwa watu wote inafundisha. Kama ungetumiwa na wanajeshi peke yao, kila aliyeonekana ndani yake angejulikana kuwa mwanajeshi. Ili hata mkubwa aweze kujificha, ilibidi mdogo naye aruhusiwe. Zaidi ya hayo msimbo wake uko wazi kwa kila mwenye ujuzi kuusoma mstari kwa mstari. Je, ni serikali ngapi zilizotuonyesha msimbo wa mitambo yao ya kuchuja?

Wa tatu ni mzazi, naye namheshimu zaidi. Anauliza, "Na watoto je?" Mtoto alindwe. Alindwe nyumbani na mzazi wake, na shuleni na mwalimu wake, kwa maneno na kwa mfano kuliko kwa wembe. Lakini hapa ndipo penye ugomvi wangu mkubwa na wenye kuta. Wanachukua neno tulilolitumia kwa mtoto wa miaka 14 na kumvika mtu mzima mwenye wajukuu, anayelipa kodi na kupiga kura. Nchi si bweni. Waziri si mwalimu wa zamu. Mimi niliyekuwa mwalimu wa bweni kwa kweli nilishindwa kazi ile kwa watoto 400 tu, mama mmoja akazikwa bila mwanawe. Nani basi aliye na macho ya kusoma barua za mamilioni hadi ukurasa wa pili?

Nchini kwetu nako mambo haya yamefika. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilimkataza mtu kutoa, kuwa na, au kusambaza teknolojia inayomsaidia mtumiaji kufikia yaliyokatazwa. Oktoba mwaka huo, siku za uchaguzi, mtandao wa Twitter ulizuiwa, na wengi wakaukimbilia msaada wa VPN, ambayo ni njia ya kichochoro iliyo nyepesi kuliko Tor. Oktoba 2023 likatoka tangazo kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, hata anwani zao za IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Nasema kwa heshima zote: kumwambia mtu aandikishe njia yake ya faragha ni kumwambia avae kinyago kisha aandike jina lake kwenye paji la uso. Atakayetii ni yule ambaye hukuwa na haja ya kumtafuta. Mei 2025 mtandao ule ule, ambao sasa unaitwa X, ukazuiwa tena.

Wasije vijana, hata hivyo, wakadhani babu huyu anawaimbia sifa za programu. Mavazi haya yana mipaka, na asiyeijua mipaka huumia. Ni ya polepole. Humficha mtu njiani lakini hayamfichi akijitaja jina mwenyewe mwisho wa safari. Mengine hutegemea hisani ya matajiri: Aprili 2018 Google na Amazon wenyewe waliifunga ile njia ya bahasha ya kaki kwao, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza. Na waya ukikatwa wote, vazi haliwi na kazi tena, kwani hakuna barabara ya kupita nalo. Misri ilikata karibu intaneti yote tangu usiku wa kuamkia 28 Januari 2011 hadi 2 Februari. Sisi tuliona ya kwetu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na siku kadhaa zilizofuata, wakati mtu aliyetaka kujua kama ndugu yake ni mzima aliishika simu yake kama anavyoshika kipande cha ubao.

Siku zile nilikaa barazani nikafikiri. Vazi hujificha kati ya vitu vya kawaida: simu ya video, duka, tovuti ya kawaida. Maadamu maisha ya kawaida yanaendelea, barua ya mtoto itapata bahasha ya kujipenyeza. Kwa hiyo mzuiaji anapofikia kukata kila kitu, anakiri mbele ya watu wote kwamba ameshindwa kuitenga barua na mshahara, na kwamba yuko tayari kuinyima nchi nzima mshahara ili barua moja isifike. Mimi katika ujinga wangu wote sikuthubutu kuifunga posta.

Ndiyo maana nasema swali letu limeelekezwa vibaya. Kila siku tunauliza kwa nini vijana wanajifichaficha, kwa nini wanajifunza hila, ni nani anayewafundisha. Mjukuu wangu hakuzaliwa na hila. Wale wanafunzi wangu hawakuja shuleni wakijua kuficha barua chini ya kifuniko cha dumu la maziwa. Mimi ndiye niliyewafundisha, kila Jumamosi, kwa wembe. Kila nilipogundua njia moja niliwafundisha kutafuta nyingine iliyo bora zaidi, mpaka nikawafikisha kwenye bahasha ya serikali. China na Iran wamefanya kazi hiyo hiyo ya ualimu, na wanafunzi wao wamefaulu vizuri sana.

Baada ya msiba ule niliacha kufungua barua. Walimu wenzangu walinionya kwamba shule itaharibika, mimba zitajaa, migomo itaanza. Haikuwa hivyo. Mgomo mmoja ulitokea mwaka 1989, kwa ajili ya maharage yenye wadudu, na kwa haki kabisa. Wanafunzi waliniandikia barua wenyewe, wakatia sahihi, wakaileta ofisini mchana. Hakuna aliyejificha. Niliisoma mpaka ukurasa wa mwisho, nikaenda stoo kuyatazama maharage.

Nawaomba wenye funguo za kuta hizi wajaribu jambo hilo moja. Fungueni, kisha someni mnachoandikiwa. Yumkini mtaona manung'uniko mengi katika ukurasa wa kwanza. Msiitupe barua hapo. Geuzeni ukurasa, kwa maana pengine kuna mgonjwa anayetaja jina la mwanawe.